Mjukuu Aliyeitwa Hilda

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mikono yote miwili. Miguu yaonaje? Ile dawa ya kuchua imefika? Kaka Hamadi hajambo, na mkewe, na wanawe? Ami Seif kifua kimepoa? Na Bi Shauri jirani, bado akuletea mikate asubuhi? Nawasalimu wote, nisiowataja wasinune. Sisi hapa Kilburn wazima, ila baridi, na kukukumbuka.

Mama, Salha wangu kajifungua salama, mtoto wa kike, kipaji cha uso ni chako kabisa. Tangu mimba nilikuwa namwita kimoyomoyo kwa jina lako. Lakini mtoto wa kwanza jina latoka upande wa baba, wajua mwenyewe, na mkwe wangu Yusuf, yule Mwingereza aliyesilimu, kaomba la bibi yake: Hilda.

Nikamuuliza maana yake. "Vita, mama. Jina la Wajerumani wa kale, walihamia huku nalo." Sisi tuliokimbia bunduki, hatuna ila nguo za mwilini, mjukuu tumwite Vita?

Bi Hilda akaja mwenyewe na kofia aliyoifuma. Salha akatufasiria.

"Usinikasirikie, Raya. Jina hili lilisahaulika miaka na miaka, zama za bibi yangu ndipo likarudi. Hapo kale alikuwako Hilda mchamungu, hata wafalme wakimwendea kwa shauri. Mimi vita vimeniangushia nyumba, na sijampiga mtu." Akacheka. "Ila marehemu mume wangu, kwa upawa."

Mikono yake ina mishipa kama yako. Nikasema haya, na awe Hilda.

Sasa tazama balaa. Kwetu mtoto hagombezwi kwa jina la mkubwa, mwenyewe akasikia, na Bi Hilda kila siku yuko hapa. Jana mtoto kalia, mimi jikoni nikafoka, "We Hilda, nyamaza, umetuchosha!" Bibi wa watu, Kiswahili hakijui ila jina lake kalisikia, akaweka kikombe chini. Sikujua uso niuweke wapi.

Basi mtoto ataka jina la nyumbani. Nipe ruhusa nimwite kwa lako, mama. Hilo nitaweza kulifokea, maana wewe uko mbali, hulisikii. Hapo ndipo paniumapo.

Bi Hilda akusalimu, japo hakujui. Niandikie upesi, hata mstari mmoja, kaka akushikie kalamu. Kwa sasa mtoto namwita "Wee" tu, na naona keshaanza kugeuka akilisikia.

Mwanao mwenye hamu nawe,
Raya