Makintoshi Niliyoirudisha Dukani

Nyamasaria, Kisumu
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Debra,

Pokea salamu zangu, na za kila mtu anayekukumbuka hapa nyumbani. Natumaini uko mzima huko Naivasha, na kwamba kile kikohozi cha dawa za maua kimekuachilia. Sisi huku tunasukuma. Mvua imenyesha mpaka njia ya kuingia plotini imegeuka matope matupu. Kuku wako mwekundu alitotoa, lakini mwewe ameshachukua vifaranga wawili. Baba bado yuko Awasi na lori la miwa. Mama ni mzima kiasi chake, na hicho kiasi chake ndicho kimenifanya nikae chini nikuandikie.

Najua utashangaa kupata barua kwa karatasi kama enzi za babu. Simu ya nyumba hii ni moja, na Mama ndiye anayeishika. Tena baada ya yaliyonipata mwezi huu, siamini tena kitu chochote kinachoweza kutumwa kwa watu mia kwa kidole kimoja. Barua hii nampa Mujahid, yule rafiki yangu wa darasani, kwa sababu shangazi yake anasafiri kuja huko. Ameapa hataifungua, na Mujahid ni mtu wa kuamini.

Ujumbe wako tuliusoma. Ulisema umeiona video, kwamba wasichana wa kazini kwako ndio walikuonyesha wakicheka bila kujua ni ndugu yako. Ukasema nipelekwe hospitali, mvulana wa miaka kumi na saba hawezi kuwa anakojoa kitandani bila sababu. Halafu ukamwambia Mama kwamba kama hamtaki mchumba wako Oketch, aseme wazi, maana ameahirisha siku ya ayie, ya wakwe kuja na posa, mara tatu, na akiahirisha tena utaolewa bila yeye kuwepo na hutampigia simu tena. Mama aliusoma ule ujumbe, akaiweka simu kifudifudi juu ya meza, akaenda kuchambua omena. Nina hasira, Debra. Sijui kuongea mbele ya watu, wewe unanijua, lakini kuandika naweza. Kwa hivyo nitakueleza kwa mpangilio wake, na nakuomba usirukie mwisho.

Mama alinituma mjini kununua makintoshi, ile ya mpira ya kutandika chini ya shuka. Alisema tutapata mgeni mwenye mtoto mdogo. Nilienda kwa lile duka la vitanda na magodoro nyuma ya stendi. Jina lake sitaliandika, nikiliandika nitatoboa karatasi. Nje huwa wameweka spika mbili kubwa, na kijana mmoja anaitwa Griffin anashika maiki kutoka asubuhi, anaita wapita njia, huku simu imesimamishwa kwa fimbo ikimrusha moja kwa moja kwa ukurasa wa duka. Siku ya kununua hakukuwa na neno. Nilielekeza kwa kidole, nikalipa, nikaondoka.

Ile makintoshi ilivuja usiku wa kwanza. Nilipoiinua dirishani niliona mwanga unapita kwa kila mkunjo. Mpira ulikuwa umekauka huko stoo, ukapasuka hata kabla ya kuuzwa. Godoro lililowa mpaka chini. Mama aliiosha, akaikunja, akanipa na risiti, akaniambia nirudishe, nikiulizwa niseme ni mtoto ameloweka.

Sasa fikiria mimi, Debra. Mimi ninayeomba ruhusa ya kwenda choo kwa kuinua kidole bila kufungua mdomo. Nilisimama kando mpaka wateja wapungue. Kaunta yao iko pale pale mlangoni, karibu na Griffin. Mwenye duka, Madam Benta, alikuwa kwa simu, kwa hivyo Griffin ndiye aliniuliza shida ni gani, maiki ikiwa mkononi. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba inavuja. Akasema hasikii, niseme kama mwanaume. Nikarudia. Akauliza nani ameitumia, nikasema mtoto. Akaifungua yote, akaipima kwa mikono yake, akacheka, akasema hii ni ya nne kwa sita, mtoto gani huyo analala kitanda cha bwana na bibi?

Jibu lingekuwa rahisi tu, lakini ulimi ulikwama. Na yeye alipoona nimekwama alijua amepata kitu cha kuchekesha watu. Akainua maiki. Akasema wateja wetu wapendwa, hapa tuko na ndugu yetu wa sweta ya kijani, mtoto mkubwa, ana ndevu tatu, amekuja na malalamiko kwamba makintoshi yetu imeshindwa kuzuia mafuriko. Akauliza tumfanyie nini, tumuuzie makintoshi nyingine ama tumuuzie mtumbwi? Watu wa boda wakapiga honi. Mama wa ndizi akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. Kisha Griffin akachukua risiti yangu na kusoma jina langu, yote mawili, na akataja Nyamasaria, ati majirani wajiandae kuhama. Simu yao ilikuwa inarekodi muda wote huo.

Madam Benta alipomaliza simu yake hakumkemea. Alisema tu kwamba bidhaa ikishatumika hairudi, na kwamba labda niliifua kwa maji ya moto. Nilitoka na kile kimpira chini ya kwapa.

Shuleni Jumatatu waliniita Nyando. Unajua Mto Nyando ukifurika. Nikipita kati ya madawati vijana wanainua miguu kama watu wanaokwepa maji, wote pamoja, kimya, mpaka mwalimu wa hesabu akauliza hiyo ni michezo gani. Mmoja akamjibu, mwalimu, tunaogopa kulowa. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao ili asionekane akicheka. Mujahid peke yake ndiye alibaki ameweka miguu chini.

Lakini hata hiyo haikuniumiza kama iliyofuata. Mama Apiyo wa mlango wa tatu alikuja na ile video kwa simu yake, akajifanya anatuhurumia. Alimuuliza Mama kama ni kweli. Mimi nilikuwa ndani nasikia. Mama akasema, ni mambo ya vijana, ataacha. Mama Apiyo akasema pole sana Mama Debra, huyo mtoto anakutesa. Na Mama akajibu, tutafanya nini, ni kuvumilia.

Siku tatu sikula chakula chake. Nilikuwa nakunywa chai kwa kina Mujahid.

Nikarudi dukani. Sijui nguvu ilitoka wapi, nadhani ni njaa. Safari hii nilipita moja kwa moja mpaka kwa meza ya Madam Benta, nikaitandaza ile makintoshi mbele yake, nikamwonyesha ufa wa kila mkunjo, nikamwambia maji ya moto hayafuati mikunjo ya kiwandani. Nikamwambia pia kwamba risiti ni yangu na yake, haikuwa ya Griffin kuisomea stendi nzima. Akaniangalia kama anayeona kiti kikizungumza. Akasema sawa, mpira nitabadilisha na video nitatoa, lakini mwenye kuutumia lazima aje mwenyewe hapa aniambie ulivyovuja, kwa sababu siku hizi watu ni wajanja. Kama ni mtoto, nilete mama yake.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama. Akasema, wachana na hayo maneno Ooko, kimpira ni kimpira tu. Nikamwambia video bado iko pale. Akasema watu watasahau.

Kesho yake nilisimama mbele ya Madam Benta nikamwambia ni yangu, mimi ndiye ninakojoa. Nilisema kwa sauti. Kulikuwa na wateja wawili wakichagua mito. Griffin alicheka, akaanza kuielekeza simu kwangu, ati niseme pia mbele ya kamera kwamba duka limenihudumia vizuri, itakuwa poa kwa ukurasa. Hapo ndipo niliwaka, Debra. Nilimuuliza anafikiri nani hununua makintoshi. Nilimwambia anauza vitu vya wagonjwa na wazee na watoto na watu wanaoona haya, halafu anawatangaza kwa spika kama mnada wa mbuzi. Nikamuuliza, mama yake akiumwa angependa nani amsomee risiti? Sauti ilinipasuka katikati ikawa kama ya kuku, lakini sikunyamaza. Mmoja wa wale wateja aliweka mto chini akatoka. Madam Benta akamwambia Griffin azime kila kitu. Akaifuta video nikiona, akanipa makintoshi mpya, nene, nikaikagua dirishani mkunjo kwa mkunjo kabla ya kuichukua. Samahani hakusema. Na walioihifadhi ile video bado wanayo, wakiwemo hao wasichana wa kazini kwako.

Sasa nisikilize vizuri, dada yangu, na kaa chini kama umesimama.

Mimi sikojoi kitandani. Sijakojoa tangu nikiwa chekechea na wewe unajua, tulilala chumba kimoja. Ile makintoshi ni ya Mama.

Ni tangu yule mtoto aliyezaliwa akiwa ameshakufa, miaka mitatu iliyopita, zile siku mbili nzima za uchungu kabla lori halijapatikana la kumpeleka hospitali. Wewe ulienda Naivasha mwezi uliofuata, hukuona. Mkojo unamtoka bila yeye kujua, mchana na usiku. Ndiyo maana aliacha kuuza samaki sokoni na sasa anachambulia omena uani. Ndiyo maana aliacha kwaya, si kwamba aligombana na mke wa mchungaji. Ndiyo maana Baba analala Awasi hata wakati hakuna miwa ya kubeba, na hilo nalo lina hasira yake ambayo leo sina nafasi ya kuiandika. Mimi ndiye ninayechota maji. Naona shuka zinavyoanikwa kabla ya majirani kuamka. Siku moja redio ya Kiluo ilikuwa na daktari akieleza kuhusu akina mama wanaovuja baada ya kuzaa kwa shida, kwamba ni jeraha la ndani na linashonwa likapona. Mama aliruka kutoka jikoni akaizima. Hapo ndipo nilijua jina la kitu nilichokuwa nakiona.

Nilipoleta ile makintoshi mpya niliitandika mwenyewe kwa kitanda chake, nikarudisha shuka juu. Aliponikuta pale alikasirika. Alisema mimi ni mtoto wa kiume, hicho ni chumba cha mama yangu, hayo hayanihusu. Nikamwambia yalinihusu tangu siku alipomwambia Mama Apiyo nitaacha. Nilimuuliza angeniacha niitwe Nyando mpaka lini. Nilisema kwa ukali, Debra, kwa ukali ambao sijawahi kumsemea mtu mzima. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akasema alifikiri aibu ya mvulana watu huicheka wakaisahau, lakini ya mwanamke wa umri wake hawaisahau. Akasema alikosea. Aliisema kwa Kiluo, polepole, akiangalia sakafu.

Ndipo nikamtajia ujumbe wako. Akaniuliza, kumbe Debra anafikiri simtaki Oketch? Nikamwambia ndiyo, na Oketch mwenyewe anafikiri hivyo. Akaweka mkono mdomoni. Akasema siku ya ayie mama wa msichana ndiye anatazamwa, anakalishwa kwa kiti kizuri tangu wageni waingie mpaka sahani ya mwisho iondolewe, na ni yeye wanayempa heshima. Akaniuliza, nitainuka vipi kwa hicho kiti mbele ya wakwe?

Nilimwambia nataka kukuandikia. Nikamwambia pia kwamba bila ruhusa yake siandiki, kwa sababu nikiandika kwa siri nitakuwa Griffin asiye na spika. Alikataa Alhamisi. Alikataa Ijumaa. Leo baada ya ibada ya redioni aliniita akasema, mwandikie Debra, Debra peke yake, mimi kwa mdomo sitaweza. Akasema niandike kwamba yeye anampenda Oketch kama mtoto wake.

Kwa hivyo nakuomba njoo. Madaktari wa jeraha hilo hushona bure wiki fulani za mwaka kwenye hospitali kubwa ya mjini, nimeuliza, wiki yao inaanza tarehe kumi mwezi ujao. Anakubali kwenda, lakini na binti yake, si na mimi. Mimi naweza kubeba mikoba na kungoja nje. Kule ndani anataka wewe. Siku ya ayie isongeshwe mpaka apone, na Oketch mwambie tu kwamba Mama ni mgonjwa na anamsalimia. Ugonjwa gani, Mama ataamua mwenyewe kama atamwambia.

Nisalimie Oketch, na wenzako pia isipokuwa hao wasichana wa video. Mama anakusalimu. Yuko hapa karibu na mimi, anajifanya anashona kitufe ili aone kama nimemaliza. Ameniuliza umeandika nini chote hicho, nikamwambia nimeandika uje. Usipige simu, ataogopa kuipokea. Njoo tu.

Ni mimi ndugu yako, bado nina hasira,
Ooko