Kofia Juu ya Kamera

Ruwi, Maskati
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Kwako Dada Wakesho,

Nakusalimu wewe na wote mlio nyumbani Wundanyi. Je, kifua cha mama kinasemaje na baridi hii ya milimani? Na Neema, bado anaandika kwa mkono wa kushoto au mwalimu ameshamshinda? Sisi huku tunapumua. Joto limeanza kupungua, ila bado ukianika mashati mawili dirishani, la kwanza linakauka kabla hujamaliza kuanika la pili.

Barua yako ilifika Jumatano. Ndani yake umenishukuru mara tatu kwa kumtunza mume wako tangu alipoanguka kwenye ngazi. Shukrani ya kwanza niliiruka. Ya pili ilinifanya niiweke barua chini nikaenda kunawa uso. Dada, Shemeji hakuanguka kwenye ngazi. Ngazi yenyewe haikuwepo. Uliponiuliza kwa simu kama ni kweli, nikakujibu ni kweli tupu, nilikudanganya kwa sauti ya kawaida kabisa.

Keti kwanza. Yuko hai, anatembea, na anaulalamikia upishi wangu kama ilivyo desturi yake. Jicho la kushoto ndilo lililokwenda, na hilo tulikwambia. Namna lilivyokwenda ndiyo tuliyokuficha, na leo nakueleza bila kupunguza kitu.

Mzee Khalfan unamjua kwa barua zangu. Ndiye mwenye duka hili la kamera za ulinzi ninalofanyia kazi, mzaliwa wa Unguja, mwenye Kiswahili kinachotufanya mimi na Shemeji tujione tunaongea huku tunatafuna kokoto. Nisichowahi kukwambia ni habari ya bunduki. Yeye na wazee wenzake wana bunduki za kale za Kiingereza walizoachiwa na babu zao, zile za kupakia risasi moja, ukapiga, ukafungua, ukapakia nyingine. Vibali vyote wanavyo. Ijumaa asubuhi, kabla ya sala yao, huenda kwenye bonde kavu kule mbele ya Al Khoudh, upande wa milimani, wakapiga shabaha iliyo umbali wa mita mia sita. Bunduki hizo zikilia hutoa moshi mweupe mzito hata mpigaji mwenyewe haoni alikopiga. Kwa hiyo zamani mzee mmoja wa kijiji cha Sidab alikaa ndani ya shimo chini ya shabaha, na kila risasi ikipita aliinua fimbo kuonyesha ilipotoboa. Akitaka kutoka shimoni alipandisha kitambaa chekundu, na hakuna aliyegusa bunduki mpaka kitambaa kishuke.

Mimi ndiye niliyemtoa shimoni. Nilifunga kamera ndogo pembeni ya shabaha, nyuma ya rundo la mawe, nikaiunga na betri ya gari na antena, kisha huku kwa wapigaji nikaweka televisheni ndogo juu ya boneti. Mzee Khalfan anapiga, anageuza shingo, analiona tundu lake kwenye karatasi bila kusubiri moshi utawanyike. Siku ya kwanza wazee wote walikuja kunishika mkono. Unanijua nikisifiwa, dada. Wiki nzima kichwa hakikupita mlangoni. Yule mzee wa Sidab alikuja kutazama mara moja, akaniuliza kwa Kiarabu chake cha polepole, na kitambaa sasa atashika nani? Nikamwambia kitambaa hakina kazi tena.

Kule bondeni simu za mkononi hazishiki, basi nikabuni utaratibu wangu. Shemeji ndiye aliyekuwa akienda kubadilisha karatasi na betri. Akifika tu, anavua kofia yake na kuifunika kamera. Skrini ikiwa nyeusi, tunajua mtu yuko pale. Akimaliza anaiondoa kofia, picha inarudi, naye anakwenda kukaa nyuma ya kilima cha mchanga, mbali na shabaha, anakoliacha gari. Skrini ikiwaka, pako wazi. Niliwaeleza wazee mara moja wakaelewa, na kwa miezi minne mambo yalikwenda sawa.

Ijumaa ile upepo ulikuwa mkali. Mzee alikuwa na wageni wawili waliotaka kuona kamera, na mimi nilikuwa na haraka zangu, kwa sababu ibada ya kanisani huku ni Ijumaa na nilikuwa nimewaahidi wanakwaya kwamba nitafika kabla ya mahubiri. Picha ikaanza kucheza, betri imechoka. Shemeji akapakia nyingine kwenye pikapu akaenda. Baada ya muda skrini ikawa nyeusi, tukangoja. Wageni wakaniuliza kamera inaonaje mbali hivyo, nami nikaanza kueleza kwa mikono yote miwili, nimewageukia wao na kuipa skrini kisogo. Mmoja akasema, "Imerudi hiyo." Nikageuka. Shabaha ilikuwa pale kwenye skrini, nyeupe, haina mtu.

Mzee Khalfan alikuwa ameshalala kifudifudi, bunduki begani. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mwakio, keshatoka mwenzio? Nna khofu na upepo huu. Hebu tazama vyema."

Aliniambia nitazame vyema. Sikutazama chochote zaidi ya ile televisheni. Sikuinua macho kuangalia kama kuna mtu anayetembea kuelekea kwenye kilima, wala sikungoja kumwona akizama nyuma yake. Nikajibu, "Ametoka, Mzee. Pako wazi, piga tu."

Akapiga.

Risasi za bunduki hizo ni nzito na haziendi mbio. Katika umbali ule unaweza kuhesabu moja, mbili. Kwenye moja niliona mkono wa shati la buluu ukiingia pembeni mwa picha. Ni lile shati ulilompa siku ya safari, lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti, na hata kile kifungo nilikiona. Nilipata nafasi ya kujua tu, ya kufanya jambo sikupata. Kwenye mbili picha ikatikisika, ikawa mistari mitupu, ikazima.

Nilikimbia. Gari la Mzee lilinikuta nusu ya njia, akanifungulia mlango kabla halijasimama. Midomo yake ilikuwa inasoma dua, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Nitakwambia nilichokuwa nikiwaza, hata kama ni aibu. Nilikuwa nikiwaza maiti husafirishwaje kutoka huku hadi Wundanyi, na ni nani atakayekupigia simu. Mume wako alikuwa hajafa, na mimi nilikuwa nimeshamzika.

Tulimkuta ameketi mchangani, kiganja usoni, damu ikipita kati ya vidole hadi kwenye kiwiko. Risasi ilikuwa imepiga jiwe, na vipande vya jiwe ndivyo vilivyomwingia. Aliposikia hatua zangu akasema, "Shem, picha imekuja?" Nilipiga magoti mbele yake. Kofia yake ilikuwa chini, hatua chache kutoka kwenye kamera. Hapo nikaelewa. Upepo ulikuwa umeipeperusha, skrini ikawaka, na mimi nikasema pako wazi.

Hospitalini Mzee Khalfan hakujificha nyuma ya mtu. Askari walipokuja kuandika maelezo aliwaambia yote, na daktari alipotuita kutueleza kwamba jicho halitaona tena, Mzee alitangulia mbele. "Mie ndo nlovuta," akamwambia. "Nambie mie kwanza." Tangu siku hiyo hajaigusa ile bunduki. Kila siku baada ya sala ya alasiri anatuletea chupa ya chai ya maziwa na vitumbua alivyopika mkewe, anaketi kwenye kile kiti chetu kibovu, anamwuliza Shemeji amelalaje, halafu anaizungusha chai kikombeni mpaka inapoa. Hajaniambia neno moja la lawama. Afadhali angenigombeza.

Habari ya ngazi ilikuwa wazo la Shemeji. Alisema ukisikia bunduki hutapata usingizi, na mama yake ndiyo kabisa. Nilikubali haraka mno, dada, na unajua kwa nini. Uongo wake ulikuwa wa kukulinda wewe, lakini nilijibanza humo mimi.

Mzee amemkatia Shemeji tiketi. Atakuwa nyumbani kabla ya Krismasi. Atakapoingia uani, nataka uwe umeshajua kila kitu, ili kama utanichukia uwe unanichukia kwa jambo la kweli. Anamimina chai nje ya kikombe, kisha anacheka mwenyewe na kusema kikombe ndicho kimesogea. Ukiwa upande wake wa kulia anakuona vizuri. Akikugonga kwa bega la kushoto usiruke, maana huwa anaona haya. Ulimkabidhi kwangu akiwa na macho mawili, ukaniambia pale stendi ya Voi kwamba ukijua mimi niko naye huna wasiwasi. Sina namna ya kulirudisha hilo neno wala hilo jicho. Naomba radhi, na sikuombi unisamehe kwa barua hii wala kwa ile utakayonijibu.

Nisalimie mama, na umsomee mwenyewe barua hii, usimtume jirani. Msalimie mama mkwe wako, ukimwambia kwanza kwamba mwanawe anakuja, hayo mengine yafuate. Msalimie mjomba wetu fundi saa, mwambie ile saa aliyonitengenezea bado inakwenda. Neema mwambie mjomba wake wa Maskati anamletea kalamu, na aandike kwa mkono anaoutaka.

Shemeji ameamka. Nimeamua asome kabla sijafunga bahasha, kwa sababu sitaki tena kufanya jambo nyuma ya mgongo wake.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali na mwenye deni la ukweli kwako,
Mwakio


Mama Neema,

Hapa ni mimi. Naandika polepole, mistari inanikimbia. Barua nimeisoma yote, mara mbili.

Upepo haukuigusa kofia. Nilimaliza kufunga betri, nikaitoa mwenyewe juu ya kamera, nikaivaa, nikawa naondoka. Nikaona waya wa antena umelegea. Nikarudi kuukaza bila kuifunika kamera tena, nikijiambia ni kitu cha mara moja. Kofia ilinidondoka kichwani nilipoanguka.

Ndugu yako hakuniuliza, nami sikumwambia. Wiki sita nimemwona akifua mashati yangu, akinikatia nyama kwenye sahani, akiamka kila nikikohoa, nikanyamaza. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nilipenda kuonewa huruma, na kila siku iliyopita ilinifunga mdomo zaidi. Ni kweli alisema pako wazi bila kutazama. Lakini mimi ndiye niliyeiwasha ile picha, na nilijua maana yake kwao.

Ukitaka kugomba, gomba na mimi. Amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo, anangoja karatasi yake. Nikishaandika jina langu nitampa aisome.

Mume wako,
Danson