Kadi Nane za Achieng'

Migori,
Jumatano, baada ya alasiri.

Dada yangu Mwanasha,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute umekaa barazani, umekunywa chai yako, na lile goti halikusumbui. Shemeji hajambo? Watoto je? Hapa Migori mvua imenyesha tangu juzi, na tope jekundu linaingia mpaka ndani ya viatu. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Ni mambo mengine ndiyo hayajakaa sawa, na hayo ndiyo yamenifanya nikae kimya miezi yote hii.

Barua yako nilipewa na Mzee Shee, yule mtu wetu wa Lamu anayeuza mabati, ambaye sasa ndiye mwajiri wangu. Nilipoona umeandika kwa wino mwekundu nikajua una hasira. Umeniuliza kwa nini niliacha kazi ya boti kule Mbita, kazi ya kukaa kivulini, na kama ni kweli niliiba. Sikuiba hata senti, dada. Lakini nisikudanganye pia, maana wewe ndiye uliyenilea: nilifanya jambo, na bado linanifuata.

Unakumbuka nilikueleza kazi yenyewe. Boti iliondoka Mbita kwenda kisiwa cha Takawiri, ikaendelea hadi Mfangano, na kurudi. Wanaosafiri kila siku walinunua kadi ya miraba kumi na miwili, yaani wiki nzima ya kwenda na kurudi, kwa sababu Jumapili boti ililala. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha gatini na koleo la kutobolea kadi. Ukishuka asubuhi natoboa mraba, ukipanda alasiri natoboa mwingine. Nyuma ya kibanda palikuwa na banda ambapo watu wa visiwani waliacha baiskeli zao, na mwenye kadi hakulipia banda.

Miongoni mwa abiria alikuwepo mama mmoja jina lake Achieng', mjane wa Takawiri, wa umri kama wako. Alikuwa na kifua kikuu. Daktari alikuwa amempangia miezi miwili ya sindano, kila siku isipokuwa Jumapili, na zahanati iko mbali na gati. Ndiyo maana aliweka pale baiskeli ya marehemu mumewe, nyeusi, ndefu kumzidi. Kaka yake wa Kisumu alimtumia pesa za kadi nane kwa mkupuo mmoja. Wiki nane, kadi nane. Alizinunua kwangu siku moja, akazifunga na kipande cha kanga na kuziweka ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Watu hawakupenda kukaa karibu naye kwa sababu ya kile kikohozi. Yeye hakulaumu. Alikaa mwisho wa boti, leso mdomoni, na akishuka alikuwa wa kwanza kunisalimu. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu Kijaluo. Nikitoboa mraba wake ananiambia, "Sema." Nasema, "Achiel." Moja. Anacheka hadi anakohoa, kwa sababu nilivyotamka, alisema, ni kama mtu aliyeunguzwa na uji.

Wiki ya tatu ya safari zake, gugumaji likajaa ziwani. Hujaliona, dada. Ni majani ya kijani yanayoelea, mazito kama zulia, upepo ukigeuka yanafunga gati lote. Boti ikawa inazunguka mbali kutafuta njia. Mwenye boti, ambaye sote tulimwita Jaduong', yaani mzee, akaja kibandani Jumatatu alfajiri akaniambia, "Kuanzia leo toboa mbili kila safari. Na baiskeli, kila Jumatatu toboa tatu za wiki nzima."

Nikamuuliza, "Hata Jumapili inahesabiwa? Jumapili hatusafiri."

"Baiskeli inalala wapi Jumapili? Kwa mama yako?"

"Tuandike basi tangazo, watu wajue."

"Ukiandika watabishana. Toboa tu. Akiuliza mtu, mwambie ni mafuta."

Nilitoboa. Wengine walipiga kelele, wengine hawakutazama hata kadi zao. Achieng' alitazama. Aliinua kadi yake juani, mwanga ukapita kwenye matundu.

"Achiel. Ariyo," akasema. "Bakari, hii umetoboa mara mbili. Na hapa chini ni nini tena?"

"Ni mafuta, mama. Na banda."

"Lakini mimi nilinunua kabla. Hizi kadi nilishalipa."

Jaduong' alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda akichokonoa meno. Nikamwambia Achieng', kwa sauti ya mkubwa ambayo sijui niliitoa wapi, "Ndiyo utaratibu mpya. Songa, wengine wapite."

Alisonga. Hakunibishia siku ile wala siku zilizofuata. Lakini hakuniambia tena "Sema." Alinyoosha kadi akiwa anatazama pembeni, mimi nabana koleo mara mbili, na midomo yake ninaiona ikienda, akihesabu kimyakimya. Dada, ningeweza kubana mara moja. Jaduong' hakuwepo kila siku. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kulikuwa na siku nyingi nilizokuwa peke yangu na koleo langu, na bado nilibana mbili, kwa sababu nilishazoea.

Alhamisi ya wiki ya tano alirudi kutoka zahanati amechoka, anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Aliiingiza bandani, akaja na kadi ya nane. Ilikuwa na mraba mmoja.

"Huu ndio wa mwisho," akasema. "Nifikishe nyumbani."

Siku hiyo Jaduong' alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake. Nilimgeukia. Akatikisa kichwa tu.

"Mama, ni miwili," nikamwambia.

"Sina miwili. Niko na moja. Safari ni moja."

"Sina ruhusa."

Boti nzima ilitusikia na hakuna aliyefungua mdomo. Achieng' aliitazama kadi, akaiweka juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. "Haya. Wewe usijali," akaniambia. Akashuka kwenye mawe, akakaa. Nyuma yangu boti ikawashwa. Mvuvi mmoja wa Takawiri aitwaye Odoyo ndiye aliyempakia kwenye mtumbwi wake, kati ya nyavu. Nilimfuata kwa macho hadi leso yake ikawa nukta, na huo ndio ukawa mwisho wa kumwona.

Ijumaa hakuja. Wala Jumamosi. Baiskeli ikabaki bandani, imeegemea nguzo ya tatu, vumbi likaanza kukaa kwenye kiti. Kila asubuhi nilifungua banda nikijiambia leo nitaikuta haipo. Nikaanza kusikia mambo. Mtu akikohoa ndani ya boti, nasimama kumtafuta. Nikibana koleo, nasikia sauti ya mwanamke ikihesabu, achiel, ariyo, wazi kabisa, mchana kweupe, na aliye mbele yangu ni mwalimu mwanamume wa Mfangano. Yule mwalimu aliwahi kuniuliza, "Vipi, kijana, unaumwa?" Kadi yake ilikuwa imeniponyoka, imeanguka. Nilisoma kila dua uliyonifundisha. Sauti haikuondoka. Sasa najua haikuwa jini. Ilikuwa mimi mwenyewe.

Ungeniuliza kwa nini sikwenda kumtafuta. Niliogopa, dada. Maadam sijaenda, niliweza kusema amepona, amehamia kwa kaka yake.

Miezi miwili ikapita. Jaduong' akaja akaiona ile baiskeli. "Hii imeshakula zaidi ya bei yake," akasema. "Itafutie mnunuzi kesho." Nikamwitikia. Kesho yake niliitoa bandani, nikaifuta vumbi, nikaipakia kwenye boti mimi mwenyewe, nikafunga kibanda na kupanda. Nahodha akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naipeleka baiskeli kwao.

Takawiri ni kisiwa kidogo, huna haja ya kuuliza njia. Watu walipoiona ile baiskeli waliacha kuzungumza. Watoto hawakunikimbilia. Nilifika kwenye boma la Achieng', nikamkuta mama mkwe wake, Mama Rosalina, anaanika omena juu ya wavu. Pembeni ya nyumba palikuwa na tuta la udongo ambao bado haujashika nyasi.

Sikuhitaji kuambiwa.

"Hiyo baisikeli ni ya mtoto yangu," akasema yule mama. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni yule wa kibanda cha boti. Akanipa kigoda. Unaona, dada, akanipa kigoda na maji ya kunywa. Odoyo alikuwa hapo jirani akishona nyavu, akaja kusaidia lugha, maana Kiswahili cha Mama Rosalina ni kidogo. Nikasikia jinsi ilivyokuwa: baada ya sindano kukatika alipata nafuu ya siku chache, kisha damu ikaanza kutoka. Alikuwa kaburini majuma matatu.

"Alikosea," akasema Mama Rosalina. "Alituambia kadi imeisha kwa sababu yeye alihesabu mbaya. Kaka yake alituma pesa ya kutosha, yeye akahesabu mbaya. Nilimgombeza sana. Nilimwambia yeye ni mtu mzima anashindwa kuhesabu karatasi nane. Hakunijibu. Alikufa nikiwa nimemnunia."

Hata sasa sijui kwa nini Achieng' alisema vile. Labda alichoka kueleza. Labda hakutaka Odoyo na vijana wa kisiwa waje kunipiga. Nilikaa na yale maji mkononi, na nikaona naweza kunyamaza, nikanywa, nikaaga. Hakuna ambaye angejua. Kisha nikamtazama yule mama, macho yamemwingia ndani, nikaona naye anasikia sauti kichwani, kama mimi.

Nikasema, "Hakukosea, mama. Alihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyetoboa mara mbili."

Odoyo hakutafsiri. Alinitazama kama anataka kunipiga kwa nyavu zake. Ikabidi nimwambie, "Mwambie." Akamwambia.

 Mama Rosalina akasimama, akaita majirani kwa sauti kali. Wakaja wanawake, wazee, na mchungaji wa kanisa lao. Nikajua nimekwisha. Walipofika wote, akaninyooshea kidole.

"Sema tena," akaniambia. "Sema wote wasikie. Mtoto yangu alijua kuhesabu."

Nikasema tena, nimesimama, yote, tangu Jumatatu ile mpaka Alhamisi. Odoyo anatafsiri. Nilipofika kwenye mraba mmoja uliobaki, Mama Rosalina alikwenda pale kwenye tuta, akaanguka chini akalia kwa Kijaluo. Odoyo aliniambia baadaye alikuwa anamwomba Achieng' msamaha. Mimi hakunisamehe, wala sikumwomba anisamehe. Hakuna aliyenigusa. Odoyo alinirudisha Mbita kwa mtumbwi.

Asubuhi iliyofuata watu wa Takawiri hawakupanda boti. Walisimama gatini kwao wameshika kadi zao juu, siku tatu, boti inakuja tupu inarudi tupu. Siku ya nne Jaduong' akarudisha tundu moja. Waliotobolewa zamani hawakurudishiwa kitu. Mimi nilimkabidhi koleo na funguo, akaniambia nitajuta. Ndiyo nikaja huku Migori kwa Mzee Shee. Nahesabu misumari na mabati, na mchana nasikia vizuri tu.

Sasa kuhusu arusi ya mwanao Fatuma. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha kanzu. Lakini wiki iliyopita Odoyo alikuja mwenyewe, safari ya siku nzima, kuniambia Mama Rosalina ameanza kukohoa, na zahanati imempangia sindano zile zile. Hakutumwa, alisema tu kwamba aliona nijue. Nimeongea na Mzee Shee, amenipa ruhusa ya miezi miwili bila mshahara. Nimepanga chumba Mbita karibu na zahanati, ana kitanda chake, mimi nitalala sebuleni kwa jirani. Hatavuka ziwa hata mara moja mpaka amalize. Nilipompelekea ujumbe huo alijibu kupitia Odoyo kwa maneno mawili: "Aje anichukue." Naondoka Jumapili.

Kwa hiyo sitafika, dada. Najua mimi ndiye mjomba pekee, na kiti changu kitaonekana. Mwambie Fatuma nimemwombea mema na kitambaa namtumia mumewe akishone yeye. Nisalimie shemeji, na Bi Mkubwa jirani anayenitunzia kuku, na mwalimu wangu wa chuoni. Wao waambie kazi imenibana. Wewe nimekwambia kweli, na ukiniandikia tena, hata kwa wino mwekundu, nitafurahi.

Mdogo wako uliyemlea,
Bakari