Pishi ya Bi Zuhura Imefungiwa Stoo

Shikamoo, Bi Zuhura. Mpaka leo nikiingia ofisini kwetu asubuhi nasalimu, kisha nakumbuka hakuna wa kuitikia marahaba.

Tangu tukuzike, hesabu za gredi ya saba nimeachiwa mimi. Mimi, mwalimu wa Kiswahili! Ungecheka ukashika mbavu. Huku mwisho wa Likoni, darasa linakopakana na mihogo, mwalimu wa hesabu hapatikani upesi, nasi tunaambiwa tuvumilie.

Lakini linaloniumiza si hilo. Mwalimu mkuu mpya ameifungia stoo pishi yako, ile ya mbao uliyokuja nayo kutoka kwenu, ya kupimia mchele wa fitri, pamoja na vibaba vinne vya kuijaza. "Hawa si watoto wa chekechea," aliniambia. "Wape kanuni wakariri, mtihani umekaribia." Simlaumu sana, naye ana wakubwa wake. Ila darasa limenyamaza, Bi Zuhura, kimya cha kutisha.

Wakumbuka kelele zetu? Mtoto akikosea hukumwambia amekosea. Ulimsogezea ndoo ya mchanga: "Haya, mimina tuone." Akimimina alijionea mwenyewe, darasa likaangua kicheko, naye akacheka. Hata wewe ulipoteleza ubaoni, Mejuma alisimama dawati la nyuma: "Bi, hebu mimina!" Na wallahi ulimimina, mbele yao wote.

Jana niliwatega. Niliandika nusu jumlisha robo, nikajibu mbili juu ya sita. Jibu dogo kuliko hiyo nusu tuliyoanza nayo! Kwa vibaba vyako wangeona mara moja: viwili na kimoja ni vitatu, pishi kasoro kibaba. Nikangoja. Wote wakanakili, wakapiga mstari kwa rula. Nilipomuuliza Mejuma kama ni sawa, alijibu bila kuinua macho, "Ndiyo, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Nikageukia ubao nikijifanya nafuta, kumbe nalia.

Nimekukumbuka, na naogopa, maana mkataba wangu uko mikononi mwa mkuu huyo. Hata hivyo kesho nitaomba ufunguo. Akininyima, nitakuja na makopo ya nyumbani. Lala salama, mama yangu, Mola akutilie nuru kaburini. Nakuahidi hili: nitakosea tena ubaoni, na sitafuta mpaka Mejuma aniambie nimimine.