Zamu Zangu Zilizoishia Wodini

Kwako mume wangu, Baba Swafiya,

Naanza na wivu, maana salamu nzuri zimenishinda. Mimi nimekaa eda hapa Mishomoroni, mke mwenzangu Zuhura amekaa yake Frere Town, na bado namwonea wivu. Hata kukulilia naona tunagawana.

Unakumbuka daktari alipotwambia una fangasi? Nilicheka. Nilijua fangasi ni ya vidoleni, ya kupaka malhamu basi. Akasema hii imeingia ndani ya figo, imeneemeka kwa sukari yako, na imefanya madonge yaliyoziba mkojo. Wakakutoboa mgongoni wakatia mrija, wakaanza kukupitishia dawa mshipani. Nikaacha kucheka.

Wodini waliruhusu mtu mmoja tu wa kukuuguza. Ukanishika mkono, ukaniomba ruhusa kama inavyompasa mume wa wake wawili.

"Mama Swafiya, niwie radhi. Nataka Zuhura ndiye akae nami. Zamu zako nitakulipa nikitoka, inshallah."

"Haya," nikasema. Ningesema nini, nawe umelala hoi? Lakini wallahi moyo uliniwaka. Mimi niliyekuzalia, ninayejua chai yako bila kuuliza! Nikawa mgeni wa saa za kutazama wagonjwa. Naja na supu yangu, namkuta yeye anakupangusa uso. Nilimchukia hadi vidole vyake.

Walipoamua kulitoa lile figo, maradhi yalikuwa yameshaingia damuni. Aliyekufumba macho ni Zuhura. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha supu nyingine.

Jana alinipigia simu.

"Dada, shikamoo. Kuna jambo lanikaba. Ile dawa ilikuwa ikimtia baridi, atetemeka mpaka kitanda chalia. Alinambia, 'Mama Swafiya asinione hivi. Kwake nataka nibaki mwanamume.' Ndiyo sababu akanichagua mimi."

Maskini, alidhani ananipoza.

Sikupoa. Ningekukumbatia mpaka kitanda kitulie. Miaka yote hiyo mimi ulinipa yule mwanamume asiyetishwa na kitu, na yeye ukampa yule aliyekuwa anaogopa. Mimi nilimtaka huyo.

Mungu akulaze pema. Mimi hasira zangu bado ninazo.

Mkeo wa kwanza,
Mama Swafiya