Majina Mawili, Viza Moja

Alhamisi, Kibiti. Joto. Bati la maktaba limealika kuanzia saa nne asubuhi mpaka nilipofunga mlango. Leo nimefungua simu mara nyingi kuliko nilivyofungua vitabu, na mimi ndiye mkutubi.

Siku tisa sasa sijatulia. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilichosimamia. Ijumaa iliyopita nilimgongea mtoto wa kidato cha pili muhuri wa kurudisha kwenye kitabu alichokuwa anaazima. Akaniangalia, akakirudisha mezani, akaondoka zake. Nilimkimbilia mpaka kwenye bomba la maji.

Niseme lililopo. Nimepata kazi nje. Yaani, karibu nimepata.

Shule moja ya kimataifa huko Ghuba inatafuta mkutubi wa watoto wa msingi, na viza wanadhamini wenyewe. Nafasi za namna hiyo nimeziomba miaka miwili. Wengi hawajibu. Wachache wanajibu kwamba sifa zangu ni nzuri, ila kibali cha kuishi nijitafutie. Hawa walinisaili kwa simu mara mbili. Mara ya pili nilijifungia kwenye stoo ya madawati mabovu, maana mtandao unashika huko tu, nikawaeleza ninavyowafundisha watoto kupanga rafu huku kunguni wa madawati wananila miguu. Wakasema ndiyo.

Sitajifanya kwamba nakwenda kwa ajili ya elimu ya taifa. Nimechoka kuhuishiwa mkataba kila mwaka na kamati ya shule kama leseni ya pikipiki. Nataka kuamka asubuhi nikute vitabu vipya kwenye boksi, nikate utepe kwa mkono wangu mwenyewe. Na nina miaka thelathini na mmoja, sina mume wa kumuaga, na barabara ya Kibiti naijua mpaka mashimo yake.

Wiki iliyopita, Jumanne, ikaja barua pepe fupi. Pasipoti yako inasema Mwanaidi Salumu. Vyeti vyako vyote vya sekondari na chuo vinasema Mwanaidi Athumani. Tafadhali eleza wewe ni yupi. Leta hati ya kiapo ndani ya siku kumi, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Wewe ni yupi.

Salumu ni baba yangu. Yuko Salale, kule deltani, analima mpunga na msimu wa kamba anavua kamba. Aliachana na mama nikiwa na miaka minne, na baada ya hapo sikuwahi kupata kwake hata daftari. Cheti cha kuzaliwa kilikatwa wakiwa bado pamoja, ndiyo maana kina jina lake, na pasipoti imefuata cheti.

Athumani ni mjomba, kaka wa mama, mkulima wa Mchukwi. Mama, Mungu amrehemu, alifariki nikiwa darasa la sita, nikabaki mikononi mwa mjomba. Siku ya kuniandikisha sekondari mwalimu aliuliza jina la baba. Mjomba akajibu, "Athumani." Hakuangalia chini, hakukohoa. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Tangu siku ile nikawa Mwanaidi Athumani kwenye kila karatasi iliyonifikisha hapa.

Nilikwenda kwa wakili aliye karibu na stendi nikamuuliza kama mjomba anaweza kuapa. Akatikisa kichwa.

"Dada, mjomba hawezi kuapa kwamba si baba yako, na ndiye aliyeandika kwamba ni baba yako. Mlete mwenye jina la cheti cha kuzaliwa."

Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Mwenye jina la cheti mara ya mwisho nilimwona kwenye mazishi ya mama.

Kuna jambo jingine sikulifanya, na naliandika hapa ili lisinikae kooni. Sikumwambia mjomba. Mchukwi si mbali, ni safari ya bodaboda tu, lakini sikwenda. Nilijiambia nisimsumbue. Uongo. Niliogopa kumwona akisikia kwamba nakwenda kumtafuta Salumu.

Jumapili nikashuka mpaka bandari ya Nyamisati, nikapanda boti ya injini ya wanaopeleka vinywaji na saruji. Mikoko kushoto, mikoko kulia, nami nikirudia moyoni maneno ya kumwambia. Nilikuwa nayo mengi. Nimeyatunza tangu nikiwa mtoto, nikayanoa mpaka yakawa makali. Kwa miaka hiyo yote nilijua kwamba siku nikikutana na yule mzee nitamkata nayo vipande.

Nilimkuta shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha miti wanachokaa kufukuza ndege na nguruwe. Mwanamke mmoja alinisindikiza mpaka ukingo wa shamba, akaita, "Mzee Salumu, una mgeni!" Akateremka ngazi polepole, mguu mmoja ukitangulia kila mara. Amezeeka. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akanitazama kitambo. "Wewe ni Mwanaidi."

Hakuuliza. Nikakosa pa kuanzia, nikaanzia kwenye karatasi. Nikamweleza kazi, viza, pasipoti, vyeti. Nilipofika kwenye jina la Athumani alikuwa ameokota kipande cha mti, akaacha kukichezea.

"Kwa hiyo huko shuleni mimi nimekufa siku nyingi," akasema.

"Hukufa, baba. Hukuwepo."

Basi. Katika yote niliyoyanoa, hayo tu ndiyo yaliyotoka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu aliyokwisha kuisikia kwa wengine. Kisha akaniambia mkewe amepika, twende nikale kwanza, habari ya kuapa tutaizungumza maji yakijaa.

Hatukuizungumza. Usiku nililala na watoto wake wawili wa kike, wadogo zangu, mmoja akiniuliza kama ni kweli kazi yangu ni kukaa na vitabu tu. Asubuhi nilitoka nikamkuta amevaa kanzu iliyopigwa pasi ya mkaa, kofia kichwani, viatu mkononi, anaisubiri boti kwenye tope.

Tulifika Kibiti usiku, na Jumanne tukawa mbele ya wakili. Akamsomea kiapo alichokuwa amekichapa: mimi Salumu, Mwislamu, mkazi wa Salale, naapa na kutamka kwamba Mwanaidi ni binti yangu wa kumzaa, na kwamba jina la Athumani alilitumia shuleni kwa sababu za kifamilia.

"Sababu za kifamilia ndiyo nini?" baba akauliza.

"Ndivyo tunavyoandika, mzee."

"Weka kwamba mimi sikumsomesha. Alimsomesha mjomba wake."

Wakili akatabasamu. "Hilo hawalihitaji hao wanaopokea. Wanataka majina tu."

"Wewe kijana, unaniapisha niseme kweli, kisha kweli yenyewe huitaki?"

Wakili akanigeukia mimi. Nami nikatazama feni. Mwishowe akairudia karatasi, akaandika kwamba mtoto alilelewa na kusomeshwa na mjomba wake, na kwamba baba hakushiriki. Baba akataka asomewe tena lile neno, hakushiriki. Akasomewa. Akasaini, herufi moja moja, jina lake likapanda juu ya mstari na kushuka chini yake.

Mtu angedhani nilifurahi. Nilikasirika. Nilikuwa na deni la kumdai kwa sauti, na yeye akaenda kulikiri mbele ya mtu baki, kwa upole, akiwa na kanzu. Sasa hasira yangu haina pa kukaa, inazungukazunguka tu ndani kama kuku aliyehamishiwa nyumba mpya.

Tukaipeleka hati steshenari, ikaskaniwa, nikaituma palepale. Baba alilala tena kwangu siku ile. Jana alfajiri nikamkuta anafagia uwanja. Alipomaliza aliniaga, akaniombea dua fupi, akaenda kupanda gari la Nyamisati. Kabla hajatoka mlangoni alitaka kusema neno, akaishia kuvaa viatu. Sikumsaidia.

Leo, saa sita mchana, jibu likaja.

Wameipokea. Majina yameeleweka. Ombi la viza limepelekwa, nitaitwa kupima afya, nianze kujiandaa. Viza itatoka kwa jina lililo kwenye pasipoti, Mwanaidi Salumu, na mkataba hivyohivyo, na kadi ya mlangoni, na jina watakaloniita watoto wa huko.

Niliisoma nikiwa nimeegemea rafu ya kamusi. Nilingoja furaha ije. Ilikuja, sitasema haikuja, ikakaa kidogo, ikaniuliza: mjomba je?

Nilifunga maktaba mapema, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikachukua bodaboda mpaka Mchukwi.

Mjomba alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anapalilia mihogo. Shikamoo, marahaba, za kazi, nzuri. Hakuacha kulima. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tuta. Kazi, barua pepe, Salale, wakili, kiapo. Nikamwambia hata lile neno, hakushiriki. Mwisho nikasema kwamba huko niendako jina lake halitakwenda, na kwamba naona aibu, kwa sababu jina linalokwenda halikunifanyia kitu.

Akasimama, akaegemea mpini.

"Mwanaidi, mimi niliandika jina langu ili uende Uarabuni?"

"Hapana, mjomba."

"Niliandika ili uingie darasani. Uliingia, hukuingia?"

"Niliingia."

"Basi."

Akainama, akaendelea kulima.

Ningeishia hapo, ingekuwa habari nzuri. Lakini shajara nimeifungua ili niseme kweli, na kweli ni kwamba hakunisindikiza. Mjomba wangu, kila nikienda kwake, hata nikienda kuchukua chumvi, hunisindikiza mpaka barabarani, anasimama na mimi mpaka pikipiki ipatikane, anamuuliza dereva jina na kijiwe chake. Leo nilimuaga, akajibu, "Haya, salimia," akiwa amenipa mgongo. Nilisimama barabarani peke yangu. Niligeuka mara tatu. Niliona mgongo tu na jembe likipanda na kushuka.

Pengine alitaka kumaliza tuta kabla ya jua kuzama. Pengine ameshazeeka, hawezi tena kwenda na kurudi. Au pengine kuna maneno anayasema kwa mdomo na mengine anayaacha mgongoni.

Nimerudi, nimeswali magharibi, nimekaa. Nimesimama. Nimeanza kuandika orodha ya vitu vya kumkabidhi atakayenifuata: rejesta ya kuazimisha, funguo, gundi ya kubandikia magamba ya vitabu yaliyong'oka, majina ya watoto wasiorudisha vitabu kwa sababu bado wanavisoma. Nimeiacha katikati. Sijui nitaondoka lini. Sijui hata kama kule kupima afya kutapita salama. Leo nimepata kile nilichokitafuta miaka miwili, na nina wasiwasi kuliko siku zote nilizokikosa.

Ninachokijua ni kimoja. Mihogo ya mjomba upande wa bondeni bado haijapaliliwa, niliiona. Keshokutwa ni Jumamosi, shule imefungwa. Nitakwenda asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, niombe jembe la pili, nianze tuta linalofuata lake. Akisema neno, nitalisikia. Asiposema, tutalima.