Kopo Nyuma ya Bafu la Mshonaji

Ndugu yangu, leo nusura nipigwe kama mwizi!

Si unaujua mchezo wangu wa kutafuta makopo yaliyofichwa, kwa ramani ya simu? Mshale umenipeleka mpaka nyuma ya bafu la mama mshonaji. Nimepiga magoti tu, simu ikapaza sauti: "Umefika!"

Dirisha likafunguka. Mama mwenyewe, kichwa kizima povu!

"Umefika wapi, babu?"

Babu! Mimi!

Nikamwambia kuna kopo chini ya tofali. "Lisipokuwepo napiga yowe," akasema.

Nikainua tofali, nikafukua. Kopo hili hapa! Ndani kalamu na kijidaftari cha majina ya walioliona, hakina hata jina moja. Mimi wa kwanza!

Akanyoosha mkono dirishani, akaninyang'anya kijidaftari, akaandika jina lake.

"Wewe subiri. Umeingia bila hodi."